Usitupe, Rusha: Kufundisha Urushaji wa Kriketi kwa Michezo Shuleni

Mtoto wa Mwanza hahitaji kufundishwa kulenga. Amekulia kwenye mawe. Kabla hajajua kusoma vizuri ameshaangua maembe ya jirani, ameshafukuza kunguru kwenye dagaa wa bibi yake walioanikwa, na ameshashindana na wenzake jiwe la nani litafika mbali zaidi majini. Mkono anao, shabaha anayo. Kinachomponza ni kiwiko. Kiwiko kinachoangua embe hukunjwa kikafyatuka, na kwenye kriketi hilo ni kosa: mwamuzi ananyoosha mkono pembeni, mpira hauhesabiwi, na wapinzani wanapewa mkimbio wa bure, yaani alama moja.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeujenga juu ya maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Kutupa ni kukunja kiwiko na kukikunjua wakati mpira unatoka. Kurusha ni kuzungusha mkono ulionyooka kutoka begani, mpira ukatoka juu ya kichwa na kwenda kudunda mbele ya mpigaji, yule mwenye kibao anayelinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Shuleni kwetu tumeyatenganisha makusudi. Mtoto akikosea, wenzake hawamwambii "umekosea", wanapaza sauti "umetupaaa!", na mwenyewe anarudi kwenye mstari akicheka huku anakiangalia kiwiko chake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu niliyekabidhiwa kipindi cha michezo kwa kuwa hakukuwa na mwingine, upande wa Ilemela. Kriketi niliijulia ukubwani. Nasema hivi ili nawe usiogope. Mkuu wako wa shule akiuliza mchezo wa Wahindi na Waingereza unatuhusu nini, mwambie vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la umri wao, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Kwangu hoja hiyo ilitosha kupata vipindi viwili kwa wiki.

Vifaa na kiwanja

Ukisubiri seti kamili, darasa la tano watamaliza la saba hawajagusa mpira. Ninachotumia ni mipira minane ya tenisi, hata iliyochakaa. Tepu nyeusi ya mafundi umeme. Madumu ya lita 20. Kamba ya nailoni. Majivu ya kuchorea mistari. Na viroba vya salfeti vilivyopasuliwa vikatandazwa. Kibao cha kupigia alinichongea seremala wa mtaani. Ninakiita kibao, na nakuomba nawe ukiite hivyo hivyo. Mwenzangu mmoja aliwahi kukiita gongo, kesho yake asubuhi mzazi akafika ofisini kuuliza shule inawafundisha watoto gongo kwa kibali cha nani.

Mpira halisi wa kriketi wa wanaume una uzito wa gramu 155.9 hadi 163, na ngozi yake ni ngumu kweli. Wa tenisi haufiki gramu 60. Uzungushie tepu tabaka moja au mawili: unaongezeka uzito kidogo, unadunda chini zaidi, na hauruki ovyo ukigonga changarawe. Mitaa ya Karachi kule Pakistani imekuza warushaji wengi kwa mpira huohuo wa tepu, kwa hiyo usiuonee haya.

Kisheria, kutoka vijiti vya upande mmoja hadi vijiti vya upande wa pili ni mita 20.12, yaani zile yadi 22. Kwa watoto wa msingi huo ni umbali wa kuwavunja mabega. Mimi naanza na mita 14, kisha naongeza hatua moja kila baada ya wiki mbili kadiri mikono inavyokomaa. Vijiti halisi vina kimo cha sentimita 71.1, na wiketi nzima, yaani vijiti vyote vitatu pamoja, ina upana wa sentimita 22.86. Madumu mawili ya lita 20 yaliyopandishwa moja juu ya jingine yanakaribia kimo hicho, ila ni mapana zaidi, na kwa mwanafunzi anayeanza upana huo ni baraka. Tia maji kidogo lile la chini, upepo usiyaangushe.

Sasa kuhusu mahali penyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua kiwanja kizuri chenye nyasi, kimeteremka kidogo kuelekea ziwani. Mpira ulimpita mdakaji, ukapenya kwenye matete, ukaingia majini, na kabla sijafungua mdomo kijana mmoja alishafika kwenye maji ya kiuno. Aliurudisha huku amelowa chapachapa, tukampigia makofi. Jioni mama yake alikuja nyumbani. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, mpira unauzwa dukani. Ini la mwanangu nitalinunua wapi?" Nilikaa kimya. Ninaishi kwenye ufuko wenye kichocho, ninafahamu konokono wake wako wapi, na nilikuwa nimesimama pale nikipiga makofi.

Tangu siku hiyo tunarushia kuelekea ukuta au mwamba, kamwe hatuelekei ziwani. Mpira ulioingia majini umekufa, na anayeufuata anakaa nje kipindi kizima. Mwanza mawe hayajatupungukia, tafuta jabali lenye uso mpana nyuma ya madumu na litakudakia mipira bure.

Hatua ya kwanza: gawa darasa kwa sita

Ova moja ni mipira sita, basi kundi liwe la watoto sita. Mmoja anarusha, mmoja analinda wiketi nyuma ya madumu, wawili wanadaka, mmoja ni mwamuzi, mmoja ni karani mwenye daftari. Mipira sita ikiisha, kila mtu anahamia kazi inayofuata. Mtoto wa msingi anamaliza ova kwa dakika tatu hivi, kwa hiyo kundi zima linazunguka kwa dakika 18 au 20, na kipindi cha dakika 40 kinakubakizia nafasi ya kupasha mwili na ya kugombana kidogo. Watoto 48 ni makundi manane, mpira mmoja kila kundi. Ukiwa na 60, makundi mawili yacheze rede pembeni huku yakisubiri.

Uamuzi na ukarani usiwape waliochoka au wanaoumwa. Mwamuzi wetu hasimami nyuma ya mrushaji kama kwenye mechi, anasimama ubavuni upande wa mkono unaorusha, macho kwenye kiwiko. Mtoto aliyekodolea kiwiko cha mwenzake kwa mipira sita, akienda kurusha yeye huna haja ya kumweleza mengi.

Rede yenyewe ndiyo ninayoitumia kupasha mwili. Wasichana waliocheza rede tangu chekechea wana shabaha inayowatia wavulana aibu, na wana miguu myepesi ya kukwepa na kudaka. Ila rede ni kutupa. Ikiisha, wakusanye na useme kwa sauti: kutupa kumekwisha, sasa tunarusha.

Hatua ya pili: mkono wa pangaboi

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Wiki tatu, hata nne. Usione aibu.

Hakuna kukimbia bado. Mtoto anayetumia mkono wa kulia asimame ubavu, bega la kushoto likielekea kwenye madumu, miguu imepanuka kidogo. Mkono wa kushoto uinuke juu, na yeye achungulie kando ya mkono huo kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Mkono wa kulia wenye mpira ushuke hadi karibu na paja. Kisha mikono yote miwili izunguke pamoja kama mapanga ya pangaboi: panga moja likishuka, jingine linapanda, na hakuna panga la pangaboi lenye kiwiko. Mkono wenye mpira upite karibu na sikio. Mpira uachiwe unapofika juu kabisa. Anayechelewa kuuachia utamdundia karibu na miguu yake, anayewahi utawaendea makorongo angani.

Kushika mpira: kidole cha shahada na cha kati juu, vimeachana kidogo, dole gumba chini, na kati ya mpira na kiganja mwanga upite. Wenye viganja vidogo waongeze kidole cha tatu. Watoto wengi huukumbatia mpira kama andazi wanaloogopa kunyang'anywa. Nilikuwa na binti wa darasa la sita ambaye kiwiko chake kilikataa kabisa kunyooka, siku nne. Nilimhubiria kiwiko hadi nikachoka. Siku ya tano nikautazama mkono wake kwa karibu: vidole vilikuwa vyeupe kwa kubana. Nikamwambia ashike kama ameshika yai la kuku wa jirani. Alilegeza vidole, mkono ukalegea hadi begani, na kiwiko kikanyooka chenyewe. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba dawa ya kiwiko inaweza kuwa kwenye vidole.

Kiwiko kikiendelea kukaidi, tumia boksi. Kata kipande cha boksi gumu, kizungushe kwenye kiwiko, funga kwa kitambaa, siyo kwa kukaza hadi damu isimame. Mipira kumi akiwa na boksi, kumi bila boksi. Mwili unakariri.

Usimsakame mtoto kwa nyuzi mbili tatu za mkunjo. Tangu 2005 Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, linaruhusu kiwiko kunyooka kwa nyuzi zisizozidi 15 wakati wa kurusha, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba karibu kila mrushaji ana mkunjo kidogo. Unachokitafuta wewe ni ule mfyatuko wa kuangulia embe, ambao hata kipofu angeusikia. Vilevile usitake watoto wote wafanane. Lasith Malinga wa Sri Lanka, aliyekulia kwenye mpira laini wa ufukweni, alirusha mkono ukipita chini pembeni kama mtu anayefyeka nyasi, na akawasumbua wapigaji wa dunia nzima. Mkono wa ajabu ulionyooka, uache.

Mchezo wa hatua hii unaitwa Mama Amelala. Jasprit Bumrah wa India amesimulia kwamba utotoni, ili asimsumbue mama yake mchana, alikuwa anarusha mpira ugonge pale sakafu inapokutana na ukuta, mahali ambapo hautoi kishindo. Tukaufanya mchezo. Kundi linasimama mita tano kutoka ukuta wa darasa lisilo na watu, mmoja mmoja anarusha akilenga lile kona la chini. Ukigonga kona, mpira unatoa mlio mdogo tu, "tp", na unakurudia. Ukigonga ukuta juu, unatoa "bu!", mama ameamka, na kundi zima linaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kundi la kwanza kufikisha mipira kumi ya kimya limeshinda. Utashangaa watoto 48 walivyo kimya. Mwalimu wa zamu alikuja mara ya kwanza akidhani kuna tatizo.

Hatua ya tatu: kuvua

Tandaza salfeti chini, kwenye njia ya mpira, kuanzia mita tatu hadi mita tano kutoka kwenye madumu. Hiyo ni sangara, alama tano. Kipande cha karibu zaidi na madumu, mita moja hadi tatu, ni sato, alama tatu. Kipande cha mbali, mita tano hadi saba, ni dagaa, alama moja. Mpira uliodunda kwingine kokote, au ambao haukudunda kabisa, ni wavu mtupu. Salfeti ya sangara isikae katikati kabisa, isogeze kidogo kushoto kwako mrushaji, iwe usawa wa ukingo wa dumu, maana mpigaji anayetumia mkono wa kulia huko ndiko kunakomtia mashaka.

Waeleze sababu, wasichezee alama tu. Mpira uliodunda mbali unapanda taratibu, mpigaji anarudi nyuma, anautazama, anaupiga anakotaka. Uliodunda karibu sana na miguu yake, anausogelea na kuupiga kabla haujafanya lolote, ingawa ukilenga vizuri unaweza kumpenya chini ya kibao. Wa sangara unamwacha njia panda: asogee au arudi? Muda wa kuamua hana. Ninapoeleza hili mimi mwenyewe hushika kibao, nasimama mbele ya madumu, naomba mtoto mmoja arushe dagaa, kisha sangara. Wakimwona mwalimu anababaika miguu, somo limeingia.

Nakiri nilianza vibaya. Mwanzoni nilitoa alama kwa kuangusha dumu tu, na kwa kasi. Baada ya wiki mbili nilikuwa na darasa zima linalovurumisha mpira moja kwa moja kwenye dumu bila kudunda, viwiko vimekunjika upya, mabega yanauma. Niliwalaumu. Halafu nikakaa na daftari la alama, nikaona kwamba walikuwa wanafanya kile nilichokuwa nawalipa. Sasa kwenye mazoezi dumu lililoanguka bila mpira kudunda halina alama. Wakumbushe kuwa hiyo ni kanuni yetu tu: kwenye mechi halisi mpigaji ambaye wiketi yake imeangushwa na mpira halali ametoka, umedunda au haukudunda.

Wakishazoea kuvua, ongeza ahadi. Kabla ya kurusha, mtoto anataja samaki kwa sauti. Akitaja na kumpata, anachukua alama tano, hata akiwa dagaa. Akitaja sangara akapata sato, hana kitu. Mchezo unabadilika hapohapo. Wale wa kubahatisha wananyamaza, na wale wapole wanaopuuzwa kwenye mpira wa miguu wanaanza kuongoza.

Karani aandike herufi tu: S kwa sangara, T kwa sato, D kwa dagaa, na O kwa wavu mtupu. Baada ya wiki tatu daftari linakupa ugonjwa wa kila mtoto. Mwenye D nyingi anachelewa kuachia mpira, au mkono wa mbele anaushusha mapema mno. Mwenye O za mipira isiyodunda anawahi kuachia. Mwenye mchanganyiko wa kila kitu kwa kawaida amechoka, au hajala. Hili la mwisho si utani. Kipindi cha saa tisa alasiri kwa mtoto aliyekunywa uji asubuhi tu si kipindi cha kumsahihisha mkono.

Kiwanja chetu kinapitwa na akina mama wanaorudi kutoka mwaloni. Mmoja, beseni la dagaa kichwani, alisimama siku moja akatazama ova nzima, halafu akaniita: "Mwalimu, huyu mwembamba kavua sangara wanne kwa mipira sita. Mume wangu ana mtumbwi na hajaniletea hata mmoja wiki hii." Yule mwembamba hajakosa kipindi tangu siku hiyo.

Hatua ya nne: mbio

Kwa ufupi, maana wengi huanzia hapa na kuharibu. Mbio zije wakati kiwiko kimetulia. Anza na hatua tatu za kutembea, kisha tatu za kukimbia polepole, kisha mtoto atafute mbio zake mwenyewe: asimame kwenye mstari wa kurushia akiupa mgongo uwanja wa kuchezea, akimbie kuelekea nje, na arushe pale mwili unapotaka. Mwenzake aweke jiwe mahali hapo. Wafanye mara tano, wachague jiwe la katikati, wageuke. Hatua sita hadi nane zinatosha kwa umri huu. Akitaka kukimbia kama anakimbizwa na fisi, mrudishe.

Chora mstari mita 1.22 mbele ya madumu ya upande wa mrushaji. Sehemu fulani ya mguu wa mbele, hata kisigino kikiwa hewani, lazima iwe nyuma ya mstari huo inapotua. Tandaza majivu mengi hapo, nyayo zitasema ukweli bila mabishano.

Jambo moja usilifanyie mzaha: mtoto anapotua, nyonga na mabega vielekee upande mmoja, ama vyote ubavu au vyote mbele. Nyonga ikiwa ubavu na mabega yamegeukia mbele, uti wa mgongo unasokotwa kila mpira, na warushaji wa kasi vijana hupata nyufa kwenye mifupa ya mgongo wa chini kwa mtindo huo. Mtoto akisema mgongo unamuuma, amemaliza kurusha kwa wiki hiyo.

Hatua ya tano: kifuniko cha dumu

Hapa naomba radhi kwa wapenzi wa kasi, maana mimi ni mtu wa mzunguko. Watoto wengi hawatakuwa na miili ya kurusha kwa kasi, ila kila mtoto wa Mwanza amewahi kukaza na kufungua kifuniko cha dumu, na hayo mawili ndiyo mzunguko.

Unapoachia mpira kwa mkono wa kulia, vidole vikikaza kifuniko, mpira ukigusa chini unakatia kulia kwako. Vidole na kifundo vikifungua kifuniko, unakatia kushoto. Kukaza ni rahisi zaidi, waanze na kukaza. Kwanza wakae chini wawili wawili, mita tatu, wauzungushe mpira kwa vidole tu bila mkono kupita juu, watazame unavyokata. Mpira wa tenisi wenye manyoya unashika ardhi vizuri kuliko wa tepu, kwa hiyo hapa bandua tepu. Kisha warudi kwenye pangaboi, mbio hatua nne tu, na wapunguze kasi.

Mchezo wake ni Mlango. Weka tofali mbili usawa wa sangara, zikiachana hatua moja, na dumu lisogeze futi moja kando ya mstari ulionyooka kutoka mlangoni. Mpira lazima upite mlangoni, udunde, ukate, uguse dumu. Anayerusha moja kwa moja hawezi kuligusa. Ukikazia, dumu liwe kulia. Ukifungua, liwe kushoto. Siku ya kwanza dumu litaguswa mara mbili au tatu kwa darasa zima, na kila mara kelele zitafika Kirumba.

Hapo ndipo ninapowasimulia majirani zetu wa ziwa hili. Mganda Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la ishirini-ishirini, lile la mechi fupi za ova ishirini kila upande, Juni 2024 kule Guyana. Alitoa mikimbio minne tu, akachukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika kombe hilo. Huyo alikuwa anakaza kifuniko. Mkenya Collins Obuya ndiye wa kufungua: Februari 2003, Nairobi, aliwaondoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24, Kenya ikashinda na baadaye ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Watoto huniuliza, "Na sisi, mwalimu, wa kwetu nani?" Nawaambia warudi kwenye mstari, zamu ya nani?

Kuhusu upepo: mchana kwa kawaida unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Wanaojifunza kasi waupe mgongo. Wa mzunguko kwenye mechi huuelekea, unaukawiza mpira hewani na kumchelewesha mpigaji, ila mazoezini kwetu hatufanyi hivyo, maana huko ndiko ziwani.

Hatua ya sita: mipira sita, mikimbio minane

Sasa mpe mtu kibao. Mpigaji anahitaji mikimbio minane kwa mipira sita. Mpira ukivuka kamba ya mbali ni mikimbio minne, ukivuka ya karibu ni miwili, ukiguswa tu, na mpigaji na mwenzake wa upande wa pili wakabadilishana nafasi, ni mmoja. Mpira uliopita mbali asipoweza kuufikia, mkimbio mmoja wa bure na unarudiwa. Uliotupwa, vivyo hivyo. Mrushaji ndiye anayepanga wadakaji wake, na kabla ya kila mpira anamnong'oneza mwamuzi samaki anayekwenda kumvua.

Huo mnong'ono ndio ninaoutaka. Mtoto aliyepigwa minne mfululizo atataka kuvurumisha. Akilazimika kwenda kwa mwamuzi na kutaja samaki, anapumua, anapanga. Usimwelekeze kutoka pembeni. Niliwahi kupiga kelele "Sangara! Sangara!" hadi mpigaji akajua kinachokuja na kukipeleka juu ya mwamba. Kundi zima lilinigeukia.

Mpira mgumu, na mabega ya watoto

Mpira halisi niliuleta baada ya muhula mzima, kwa waliofikisha umri wa sekondari tu, na kwa kurushia madumu bila mpigaji. Mpigaji asisimame mbele ya mpira huo bila kofia ya chuma ya kriketi, pedi na glavu. Kama huna, baki na tepu, hakuna unachopungukiwa.

Hesabu mipira anayorusha kila mtoto. Huko Uingereza, kwa miaka mingi warushaji wa kasi wa chini ya miaka 13 wamewekewa kikomo cha ova tano mfululizo na ova kumi kwa siku. Sisi hatufiki huko: ova tatu kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki, na anayetaka zaidi aende akawe mwamuzi.

Kabla kengele haijalia, mipira minane iwe mkononi mwako, siyo saba. Wa nane mara nyingi uko chini ya lile jabali la kushoto, upande wenye kivuli. Tumia kijiti kuutoa, usiingize mkono: nyoka nao wanapenda kivuli.